Elihu Thomson: mwalimu aliyeuzamisha umeme katika mafuta

Ukimwomba mwanafunzi wa shule ya upili akutajie watu waliouleta umeme katika maisha ya binadamu, aghalabu atamtaja Volta, Faraday na Edison, kisha atanyamaza. Si kosa lake. Kurasa za vitabu vya kiada ni chache na majina ni mengi. Hata hivyo, lipo jina moja ambalo kwa maoni yangu halistahili kuachwa nje ya orodha hiyo, nalo ni la Elihu Thomson, mwalimu wa kemia aliyefariki mwaka 1937. Takriban kila transfoma unayoiona juu ya nguzo, iwe Kakamega au Kilifi, ina mafuta ndani yake, na mtu huyu ni miongoni mwa wale wa kwanza kabisa kuyatia humo. Fauka ya hayo, alikuwa rais wa pili wa chombo cha kimataifa ambacho hadi leo ndicho kinachopanga mafuta hayo yawe ya namna gani.

Mimi ni mtu wa isimu, wala si mhandisi. Huenda msomaji akajiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika transfoma. Namwomba anivumilie kidogo, kwani kisa cha Thomson kina mambo mawili ambayo sisi walimu wa lugha hatuna budi kuyaangalia: jinsi watu wa mataifa mengi wanavyokubaliana juu ya jina la kitu, na hatari inayozuka pale jina moja linapobebeshwa vitu vingi mno.

Thomson alizaliwa mjini Manchester, Uingereza, tarehe 29 Machi 1853. Mwaka 1858 wazazi wake walivuka bahari na kuhamia Philadelphia, Marekani. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo, na nyumba ilikuwa na watoto wengi. Elihu alikuwa mwepesi wa kujifunza kiasi kwamba alipofikisha umri wa miaka 11 alikuwa amekwisha maliza masomo ya msingi. Lakini shule ya upili ya mji ule haikumpokea mtoto aliye chini ya miaka 13. Inasimuliwa kwamba wazazi walishauriwa wamtenge na vitabu kwa muda huo wa miaka miwili, wamwache acheze ili mwili wake upate nguvu. Ushauri huo haukumwingia mtoto hata chembe. Badala ya kucheza alichukua chupa ya mvinyo, akaiundia mkono wa kuizungusha, akapata mashine ya kutoa cheche za umeme tuli. Baba yake alipozicheka cheche hizo kwa udogo wake, kijana alikwenda akaunda vyombo vya kulimbikiza umeme ule, kisha akamkaribisha mzee auguse. Mzee aliugusa, na tangu siku hiyo hakucheka tena.

Shule ile iliyomkataa kwa sababu ya umri, yaani Central High School ya Philadelphia, ndiyo iliyomlea hatimaye. Alihitimu mwaka 1870 na baada ya muda mfupi akarejea humo kama mwalimu msaidizi. Kufikia mwaka 1876 alikuwa profesa wa kemia. Alifanya kazi bega kwa bega na Edwin Houston, ambaye hapo awali alikuwa mwalimu wake. Walimu hawa wawili hawakuwa na maabara ya kifahari. Walikuwa na darasa, udadisi, na tabia ya kutokubali jambo mpaka wamelipima.

Tabia hiyo ilidhihirika mwishoni mwa mwaka 1875. Edison, ambaye jina lake lilikuwa limeanza kuvuma, alitangaza kwamba amegundua nguvu mpya ya maumbile, tofauti na umeme, na akaipa jina lake. Thomson na Houston hawakubisha kwa maneno. Walirudia majaribio wenyewe, wakazifuata cheche ndogo kutoka chumba hadi chumba ndani ya jengo la shule, wakafikia uamuzi kwamba hapakuwa na nguvu mpya yoyote. Ulikuwa umeme ule ule ukijitokeza kwa sura nyingine. Nawaomba walimu wenzangu wakitafakari kisa hiki. Jina jipya si ushahidi wa kitu kipya, na mwalimu wa shule ana haki ya kumpima hata mtu mashuhuri, maadamu vipimo vyake ni vya haki.

Mwaka 1880 Thomson aliacha ualimu ili ajitolee kwa uvumbuzi. Mwaka 1883 ilianzishwa kampuni iliyobeba jina lake na la Houston, na makao yake yakawa Lynn katika jimbo la Massachusetts, mji uliojulikana zaidi kwa viatu kuliko kwa umeme. Hata Charles Coffin, aliyeziendesha shughuli za kampuni hiyo, alitoka katika biashara ya viatu. Mwaka 1892 kampuni hiyo iliunganishwa na ile ya Edison, na hivyo ikazaliwa General Electric. Katika maisha yake Thomson alipata hataza zipatazo 700. Aliunda mita ya kupima matumizi ya umeme, na akabuni njia ya kuunganisha vyuma kwa joto la mkondo wa umeme, njia ambayo viwanda vya magari vinaitumia hadi leo.

Nitaacha mengi kati ya hayo ili nifike kwenye transfoma. Katikati ya miaka ya 1880 makampuni yalikuwa yakishindana kuuza umeme wa mkondo geu, yaani ule unaobadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde moja. Umeme huo ulisafiri mbali kwa kani kubwa, na transfoma ndiyo iliyoipunguza kani hiyo kabla haijaingia nyumbani. Thomson alikuwa na mtambo wake, lakini hakuharakisha kuuza. Swali lililomkera lilikuwa hili: itakuwaje iwapo kizuizi kati ya nyaya za kani kubwa na zile za kani ndogo kitavunjika, na mtu aliye nyumbani akashika taa? Suluhisho lake lilikuwa kuunganisha upande wa nyumbani na ardhi, ili umeme uliopotea njia uende udongoni badala ya kupita katika mwili wa mtu. Wafanyabiashara walimwona mzito. Mimi namwona mwungwana.

Mwaka 1887 alipata hataza iliyohusu kuizamisha transfoma ndani ya mafuta. Nieleze kwa wasiofahamu. Transfoma ni nyaya zilizozungushiwa kiini cha chuma. Umeme unapopita, nyaya na chuma hupata joto. Joto likizidi, karatasi na pamba zinazozitenga nyaya hukauka na kuungua, umeme huruka kutoka waya mmoja hadi mwingine, na chombo huharibika. Ukikijaza chombo mafuta, unapata faida mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, mafuta huhami, maana umeme hauyapenyi kwa urahisi kama unavyopenya hewa. Pili, mafuta hupoza. Yale yaliyopata joto karibu na nyaya hupanda juu, hutiririka pembeni kwenye kuta za chombo, hupoa na kushuka, kisha mzunguko huanza upya, kama maji yanavyojizungusha ndani ya sufuria iliyo motoni. Hakuna pampu wala injini inayohitajika. Mwaka 1891 wahandisi wa Ulaya walipoupeleka umeme umbali wa kilomita 175 kutoka Lauffen hadi Frankfurt, Ujerumani, transfoma zao zilikuwa zimejazwa mafuta. Tangu hapo, dunia haikurudi nyuma.

Hata hivyo, si kila mafuta yanafaa. Mafuta yaliyoingiwa na maji kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuzuia umeme. Mafuta mazito hayazunguki vyema. Mafuta yanayoshika moto upesi ni bomu. Mafuta yanayochachuka hufanya tope, na tope huziba njia za kupozea. Basi palihitajika makubaliano. Muuzaji wa nchi moja na mnunuzi wa nchi nyingine wangejuaje kwamba wanazungumzia kitu kimoja?

Hapa ndipo Thomson anapoingia katika uwanja wangu. Mwaka 1904 wataalamu wa umeme walikutana St. Louis, Marekani, na Thomson ndiye aliyekuwa rais wa mkutano huo. Wajumbe waliazimia kiundwe chombo cha kudumu cha kusawazisha majina na viwango vya mitambo ya umeme duniani. Mwezi Juni mwaka 1906 wawakilishi wa nchi 13 walikutana London wakaunda Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, inayojulikana kwa herufi IEC. Rais wa kwanza alikuwa Lord Kelvin, aliyefariki Desemba mwaka 1907. Mwaka 1908 Thomson alichaguliwa kuchukua nafasi yake, akaishika hadi mwaka 1911.

Miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za tume hiyo ilikuwa kamati ya istilahi. Kabla ya kukubaliana mtambo upimwe vipi, ilibidi wakubaliane mtambo uitweje na kila neno liwe na maana gani. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Toleo la kwanza la msamiati wa kimataifa wa ufundi wa umeme lilichapishwa mwaka 1938, mwaka mmoja baada ya kifo cha Thomson, likiwa na istilahi zipatazo 2,000 katika lugha sita, mojawapo ikiwa Kiesperanto.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuyasoma hayo asikumbuke mambo ya kwao. Katika miaka iyo hiyo, lugha yetu nayo ilikuwa ikisanifishwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki. Lakini kufanana huko kusitupumbaze. Katika IEC kila taifa mwanachama lilikuwa na kamati yake na kura yake. Katika kamati yetu walioamua mwanzoni walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni na wamishonari, na wenye lugha wakaletewa uamuzi. Na katika meza ya London ya mwaka 1906 hapakuwa na nchi hata moja ya Afrika. Kiwango ni chombo kizuri, ila daima tuulize ni nani alikuwapo kilipoundwa.

Leo tume hiyo, yenye makao yake Geneva, ina kamati ya kumi inayoshughulikia vimiminika vya mitambo ya umeme. Kazi yake haiishii kwenye mafuta ya transfoma. Hushughulikia pia mafuta ya kulainishia mitambo inayozungushwa na mvuke, ya aina ile ambayo sisi tunayo Olkaria tangu mwaka 1981. Kiwango chake nambari 60296, kilichotolewa upya mwaka 2020, kinataka mafuta mapya ya transfoma yahimili angalau kilovolti 30 yakiwa kama yalivyoletwa, na kilovolti 70 yakiisha kusafishwa na kukaushwa. Kipimo chenyewe ni cha kupendeza kwa wepesi wake: vipande viwili vya chuma huwekwa ndani ya mafuta vikiachana kwa milimita mbili na nusu, umeme ukapandishwa mpaka cheche iruke, jambo hilo likarudiwa mara sita, na wastani ukachukuliwa. Kiwango hicho pia kinataka mvuke wa mafuta usishike moto chini ya nyuzi 135 za Selsiasi, na kemikali za kundi la PCB zisionekane kabisa.

Kemikali hizo zina historia chungu. Tangu miaka ya 1930 zilitiwa katika transfoma nyingi kwa sababu haziwaki moto kwa urahisi, na kwa kipimo cha moto pekee zilikuwa bora kuliko mafuta. Kipimo cha afya ya binadamu hakikuwa kimetiliwa maanani. Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, kemikali hizo zilivuja kutoka kwenye mabomba ya kupashia joto kiwandani zikaingia katika mafuta ya kupikia yaliyotokana na pumba za mchele, na maelfu ya watu wakaugua. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, uliweka mwaka 2025 kuwa ukomo wa kutumia vifaa vyenye kemikali hizo, na mwaka 2028 kuwa ukomo wa kuziteketeza taka zake kwa njia salama.

Thomson hakuishi kuyaona hayo, lakini naamini angeyaelewa upesi. Mwaka 1896, miale ya eksirei ilipokuwa ajabu mpya na watu wakiichezea, yeye alikitoa kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto, akakiweka mbele ya miale makusudi ili aone itakifanya nini. Kidole kilivimba, kikafanya malengelenge na kuuma kwa muda mrefu. Aliandika kuwaonya wenzake. Alijua kwamba chombo kinachofanya kazi vizuri si lazima kiwe chombo salama, na aliona heri aumie yeye kidole kuliko wagonjwa waumie mwili mzima.

Sasa tuje kwetu. Kwa miaka mingi magazeti yamekuwa yakiripoti wizi wa mafuta ya transfoma humu nchini. Wezi hupanda usiku, hutoboa chombo, huyakinga mafuta katika mitungi, na transfoma iliyoachwa kavu huungua. Zahanati hubaki gizani na visima vya pampu hukauka. Lakini baya zaidi ni kule mafuta yaendako. Imeripotiwa mara nyingi kwamba baadhi yake huuzwa kwa wakaangaji wa chipsi na samaki kando ya barabara, kwa vile hayaishi upesi karaini kama mafuta ya kula. Hata pale ambapo hayana PCB, hayo ni mafuta yaliyochujwa kutokana na petroli ghafi, yakakaa miaka ndani ya chuma na shaba. Si chakula. Na transfoma za zamani zingali na hatari yake.

Hapa ndipo lugha inapotusaliti. Kiswahili hutumia neno moja, mafuta, kwa kile tunachokaangia maandazi, tunachojipaka baada ya kuoga, tunachotia katika taa, tunachonunua kwenye kituo cha petroli, na kile kilichomo ndani ya transfoma. Mkaangaji anayeuziwa mtungi wenye kimiminika safi, cha rangi ya asali, kisicho na harufu kali, akaambiwa ni mafuta, hajadanganywa kwa neno. Ameachwa bila neno. Maandishi yaliyo kwenye chombo, kama yapo, mara nyingi ni ya lugha ambayo si wote wanaoisoma, tena ni nambari za kiwango ambazo haziwaambii chochote.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu. La kwanza ni letu sisi wa lugha. Wataalamu wa istilahi wamekwisha kutupa neno kihami, kutokana na kitenzi hami, chenye maana ya kukinga. Tuyaite hayo mafuta kihami, tuyatofautishe na mafuta ya kula na vilainishi, na jina hilo liingie katika vitabu vya sayansi na katika magazeti yenyewe. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilituonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana. Inahitaji kuendelezwa wala si kusifiwa tu.

La pili linaihusu serikali. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lililoanza kazi mwaka 1974, lina uzoefu wa kutosha kusimamia onyo la Kiswahili, la herufi kubwa, kwenye kila pipa na kila transfoma: kwamba hiki si chakula, na kwamba hakifai kupakwa ngozini. Onyo hilo halitamzuia mwizi. Litamsaidia mnunuzi.

La tatu ni la walimu wa sayansi. Somo la transfoma hufundishwa kwa hesabu za mizunguko ya nyaya, na mwanafunzi hupita mtihani bila kujua ndani ya kile chombo kilicho nje ya lango la shule mna nini. Dakika kumi za kumweleza juu ya mafuta yale, kazi yake na sumu yake, zaweza kumwokoa yeye na mama yake.

Thomson mwenyewe hakuwahi kuuacha ualimu moyoni. Alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa nishani ya Edison, mwaka 1909, nishani iliyobeba jina la mtu yule yule aliyemsahihisha akiwa kijana. Chuo cha teknolojia cha Massachusetts kilipofiwa na rais wake mwaka 1920, yeye ndiye aliyekaimu nafasi hiyo kwa kipindi kirefu hadi mwaka 1923, ingawa hakutaka kuwa rais wa kudumu. Usiku alikuwa akitazama nyota kwa darubini aliyoiunda kwa mikono yake. Alifariki tarehe 13 Machi 1937 nyumbani kwake Swampscott, Massachusetts. Nyumba hiyo sasa ni ofisi za halmashauri ya mji, ambako wananchi huenda kulipa kodi na kutoa malalamiko yao.